Mkaba wa Fimbo

Pale Nyawera, ukitoka sokoni ukashika njia ya kupanda Kadutu, kuna kibanda cha mbao chenye kibao cha rangi nyekundu: COUTURE MUSHAGALUSA. Zamani kibao hicho kilisema COUTURE ALOYS. Majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku, na kila mtu akaitwa citoyen, yaani mwananchi, fundi alipaka rangi juu ya jina lake na kuandika la babu yake. Rangi ilikuwa hafifu, kwa hiyo jua likichoma sana Aloys anatokeza chini ya Mushagalusa kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Watu wanaendelea kumwita Papa Aloys, na yeye anaitika.

Papa Aloys anashona abakosti, yale makoti yasiyovaliwa na tai. Mafundi wanaoshona vizuri kumpita wapo wengi Bukavu, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukutajia majina yao. Lakini wakubwa wa ofisi wanamfuata yeye, kwa sababu ana adabu ya tumbo. Mteja akija na koti lililogoma kufunga, Papa Aloys haliangalii lile tumbo. Anashika kitambaa kwa vidole viwili, anakisugua, anatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari ya msiba, kisha anasema polepole, "Kitambaa kimerudi, citoyen. Hii tergal ya siku hizi, ikiona maji tu, inarudi." Ndani ya kila mshono huwa ameacha akiba ya kitambaa, maana anawajua wateja wake: cheo kikipanda, kiuno nacho kinapanda. Anafumua, anapanua, anapiga pasi, ananyamaza. Mke wake, Maman Madeleine, anayeshona kwenye mashine ya pili, alifundishwa naye hivyo hivyo: fumua, panua, piga pasi, nyamaza.

Adabu hiyo ndiyo iliyokaribia kumpokonya mbwa wake.

Mbwa anaitwa Fimbo. Aliingia kibandani siku moja ya mvua, mtoto wa mbwa aliyekuwa na mifupa na masikio, basi. Akajilaza juu ya vipande vya kitambaa chini ya meza ya kukatia. Papa Aloys alisema ataondoka mvua ikikatika. Mvua ya Bukavu haina haraka. Ilipokatika, mbwa alikuwa ameshakula nusu ya mkate wa fundi na ameshapewa jina, kwa ajili ya ule wembamba wake.

Jina lilibaki, wembamba ukaenda. Papa Aloys alikuwa na hesabu yake ya kibiashara, ambayo leo akiisimulia anajipiga paji la uso: nani atamletea kitambaa kizuri fundi ambaye mbwa wake anaonyesha mbavu? Mbwa mnene mlangoni, alisema, ni kibao cha pili. Basi akawa anamlisha kama anayepaka rangi kibao. Jirani yake Maman Eulalie, mwenye mgahawa, alileta sambaza zilizovunjika, wale dagaa wa ziwani, na bugali iliyobaki. Wateja waliokuwa wanangoja walimrushia karanga. Na jioni, njia nzima ya kupanda Kadutu ilimjua Fimbo kwa jina: hapa kipande cha ndizi, pale mwiko wa maharage. Alipofika nyumbani alikuwa ameshakula cha jioni kabla ya jioni, na Maman Madeleine, ambaye hakujua, alimwekea sahani.

Mwishowe Fimbo akawa na umbo la mto wa kulalia wenye miguu. Alipojilaza, hukuweza kujua upande wa kichwa mpaka aheme. Papa Aloys aliona fahari. Alikuwa na macho ya kupima kiuno cha mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini cha mbwa wake hakukiona.

Ikatokea Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Papa Aloys alikuwa ametoka kuzibua mitaro pamoja na watu wa mtaa, jembe begani, Fimbo nyuma yake. Wakapanda. Katikati ya kilima, penye jiwe kubwa ambapo akina mama hutua mizigo, Fimbo alikaa. Halafu akalala. Ulimi ukatoka, ukawa na rangi ya zambarau, na mbavu zake zikawa zinapiga kama mashine iliyokatika mkanda. Papa Aloys alimwita kwa jina, akamwita kwa mluzi, akamtishia jembe, akamwomba. Hakuna. Akamnyanyua na kumweka mabegani kama gunia la muhogo, akapanda naye mpaka nyumbani, huku watoto wakimfuata na mama mmoja akiuliza kama ile nyama inauzwa kwa mafungu.

Mbwa alipona jioni hiyo hiyo. Mgongo wa Papa Aloys haukupona. Muda mrefu hakuweza kuinama kwenye mashine. Alikaa wima kama picha ya pasipoti, na nguo za watu zikarundikana.

Wakamwita Firmin, daktari wa mifugo wa serikali, mtu aliyezoea ng'ombe na asiye na maneno mengi. Alimgeuza Fimbo, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda.

"Papa Aloys, hii imbwa haiko mugonjwa. Iko munene. Mafuta inafinya moyo. Ukiendelea vile, siku moja atalala pale ku jiwe na hataamuka."

Papa Aloys aliuliza kama hakuna sindano. Firmin akasema sindano haipo. Kilichopo ni bakuli dogo asubuhi, bakuli dogo jioni, katikati hakuna kitu. Kumtembeza polepole kila siku, na kumpunguza kidogo kidogo, si kwa kumshindisha njaa. Na apimwe kila wiki, ili wajue kama kweli anapungua. Mizani ya sokoni asingekubali kukaa juu yake, lakini kwani fundi anakosa meta?

Maman Madeleine alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Firmin alipoondoka, alimwita mumewe kwa jina la binti yao, akatoa sheria.

"Papa Jeanine, nisikie muzuri. Mugongo yako njo shamba yetu. Sitaki tena uibebeshe imbwa. Mpaka Noeli, asiyeweza kupanda huku ku nyumba na miguu yake mwenyewe, ataenda Kalehe kwa Venant. Kule ni tambarare."

Venant ni ndugu mdogo wa Maman Madeleine, ana mbuzi karibu na ziwa, na wezi wanaomtembelea. Juma hilo hilo alitumiwa habari, na akajibu kwa furaha kwamba ameshaanza kujenga kibanda cha mbwa. Neno likawa limetoka, na neno lililopelekwa kwa ukoo halirudishwi kama shati lisilotosha.

Papa Aloys hakulala vizuri. Jeanine, mtoto wao pekee, alikuwa ameolewa Kamituga. Nyumba ilikuwa kimya. Kila asubuhi aliyemsindikiza kazini alikuwa Fimbo, na aliyesikiliza malalamiko yake kuhusu kola na mifuko alikuwa Fimbo. Alijaribu kumwaza kule Kalehe, kando ya maji, akiwalinda mbuzi wa mtu mwingine. 

Akachukua kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye abakosti ya citoyen Cirhuza, mkubwa wa mtaa, akamshonea Fimbo mkaba, yaani mkanda wa kumpimia kiuno, wenye kishikizo kimoja. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, Fimbo angesimamishwa uani, angefungwa mkaba, na Papa Aloys angejaribu kupitisha vidole kati ya mkaba na tumbo. Siku ya kwanza haukupita hata ukucha. Mkaba ukatundikwa kwenye msumari kando ya mashine ya Maman Madeleine.

Siku ya Mungu iliyofuata, kidole kikapita. Iliyofuata, viwili. Halafu kiganja.

Papa Aloys akawa professeur. Mteja akija kupimwa suruali, anaondoka na somo la bakuli dogo. Akamweleza mwenye mgahawa, akawaeleza wauza mkaa, akamweleza padri mlangoni mwa kanisa. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulitaja, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakulihesabu: asubuhi, akinywa chai, aliteremsha nusu ya mkate wake chini ya meza. Hicho hakikuwa chakula, ilikuwa salamu. Maman Eulalie naye alikuwa na salamu zake. Na kilima nacho kilisalimia.

Siku moja citoyen Cirhuza akaingia na abakosti yake ya kahawia mkononi. Kifungo cha tumboni kilikuwa kimeruka wakati wa kikao. Papa Aloys akashika kitambaa, akakisugua, akaanza kutikisa kichwa. Bahati mbaya siku hiyo Fimbo alikuwa amevaa mkaba wake. Fundi alikuwa amemfunga ili kuwaonyesha watu. Cirhuza akamwangalia mbwa, akaangalia abakosti, akamwangalia tena mbwa. Papa Aloys akaacha kusugua. Mwaka huo watu walikuwa wanaitwa kuhojiwa kwa mambo madogo kuliko kumvika mbwa kitambaa cha mkubwa.

"Papa Aloys, hii kitambaa ninaijua."

"Ndiyo, citoyen."

"Ni moja na yangu."

"Ilikuwa kipande tu, citoyen. Ilibakia."

Cirhuza akainama kwa shida, akapitisha kiganja chake kizima chini ya mkaba. Kikapita bila kugusa tumbo.

"Yangu imerudi," akasema. "Ya imbwa imepanuka. Kitambaa moja, maji moja. Unieleze."

 Mkubwa akacheka mwenyewe, tumbo lote likashiriki, kisha akavuta kiti na kuuliza kwa sauti ya chini yale mabakuli yanakuwa na ukubwa gani.

Lakini kilima hakikudanganywa. Jioni Fimbo bado alihema penye jiwe, bado alikaa, na Papa Aloys alingoja naye akijifanya anafunga kamba za viatu. Alijiambia kwamba wembamba unaanzia kiunoni, miguu inapata habari baadaye. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na akisimulia sasa anaongeza kwamba mtu mwenye akili ndogo hapungukiwi maelezo.

Ikabaki miezi mitatu kufika Noeli. Siku moja mkaba ulianguka kwenye tope, Maman Madeleine akiwa ametoka kwenda sokoni kununua nyuzi. Papa Aloys akaufua, akaukamua, akauweka mezani na kuupitishia pasi ya makaa. Na tergal, kila fundi anajua, haisahau mkunjo. Joto lilipoingia, mstari uling'aa kwenye kitambaa, mahali ambapo zamani mshono ulikuwa umekunjwa. Kando yake mstari mwingine. Kando yake mwingine. Mistari ilifuatana kama ngazi, mmoja kwa kila siku ya Mungu aliyoshangilia.

Akaugeuza upande wa ndani. Akiba yote ya kitambaa ilikuwa imekwisha. Na zile nyuzi: ndogo, zimenyooka, na fundo limefichwa chini ya mshono asilione mteja. Mshono mzuri sana. Aliufundisha yeye.

Maman Madeleine aliporudi, akamkuta amekaa na mkaba magotini.

"Mama Jeanine, nani amefumua hii?"

Yeye akakaa kwenye mashine yake, akapanga nyuzi kwa rangi.

"Kitambaa ilirudi," akasema.

"Kitambaa ikirudi inapunguka. Hii imeongezeka."

Akaacha nyuzi. Akaangalia barabara.

"Kila asubui ninakuona unamupatia mukate chini ya meza. Kila asubui, Aloys. Nikajua huyu hatapunguka, na Venant anajenga. Siku ya kwanza ya kupima, uliangalia ile mukaba ni kama unaangalia jeneza. Sikuweza. Nikafumua kidogo. Halafu ukafurahi, nikafumua tena." Akajipangusa jicho kwa ncha ya kitenge, kwa hasira. "Weye njo ulinifundisha. Muteja haambiwe iko munene."

Papa Aloys alitaka kukasirika. Alitafuta pa kuanzia, na kila alipogusa alijikuta yeye mwenyewe amekaa pale. Chini ya meza Fimbo aliamka, akanyoosha pua kuelekea mfuko wa mkate.

Siku hiyo wakashona mkaba mpya, kila mmoja mbele ya mwenzake, na hesabu ya kweli ikaanza.

Bakuli la Firmin sasa likawa bakuli kweli. Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, Papa Aloys alimteremsha Fimbo mpaka ziwani na kumrudisha taratibu, wakipumzika. Mtu mmoja akamshauri amshonee mbwa koti lenye maandishi ya kukataza watu wasimpe kitu. Papa Aloys akajibu kwamba akionekana anamvalisha mbwa koti, usiku huo atalala mahabusu, mahali pasipo mkewe.

Shida ikabaki kwa watu. Fimbo angewezaje kupita mbele ya mgahawa bila kupewa? Papa Aloys alikwenda kwa Maman Eulalie kumwomba aache, na akamkuta ameshaandaa kisahani, sambaza juu, bugali chini. Hapa kwetu chakula kilichonyooshwa hakirudishwi. Ukikirudisha umemwambia mtu jikoni kwake kuna uchafu, na ujirani umekwisha. Papa Aloys akasimama na kisahani mkononi. Hawezi kumpa mbwa. Hawezi kumrudishia mama. Akala.

Kesho yake vile vile. Na jioni, kilimani: ile ndizi, akala. Ule mwiko wa maharage, akasema asante, akala kwa mkono. Mama wa mandazi alimtolea Fimbo andazi la jana, Papa Aloys akalipokea kwa mikono miwili na kulimaliza kabla ya kona. Watu walishangaa kidogo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuongeza, kwa kuwa mtu anakula zaidi ya mbwa. Alikuwa anakula kwa niaba. Na chakula chake mwenyewe nyumbani je? Hicho nacho kilikuwa na mpishi wake, na mpishi wake hakupaswa kukasirishwa.

Fimbo akapungua. Safari hii ilikuwa polepole, wiki nyingine hakuna kitu, lakini kiuno kikatokea, kisha shingo. Papa Aloys alipoziona mbavu mbili chini ya ngozi, yeye aliyekuwa akiziogopa kama mkosi wa biashara, alimwita Maman Madeleine aje azione. Firmin akapita, akasikiliza moyo, akasema unapiga vizuri. Kisha akamtazama Papa Aloys, akafungua mdomo, akaufunga, na akauliza kama mvua itanyesha.

Suruali ya Papa Aloys ilikuwa imeanza kuleta maneno. Kwanza kishikizo, halafu zipu. Aliisugua kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Tergal ya siku hizi. Akaiacha juu ya mashine ya pili bila kusema kitu, na asubuhi akaikuta imepanuliwa, imepigwa pasi. Maman Madeleine hakusema kitu pia.

Siku moja kabla ya Noeli, Venant akashuka kwenye boti kutoka Kalehe, na kamba mpya begani. Wakakubaliana mbele ya wote: Fimbo ataondoka kibandani Nyawera baada ya kazi, apande mwenyewe, hakuna kubeba, hakuna kuvuta. Venant na dada yake watangoja juu, uani. Citoyen Cirhuza, aliyekuwa na suruali yake ya Noeli ya kuchukua, alisema atatembea nao ili ashuhudie, naye yuko katika mabakuli madogo, kilima kitamfaa.

Wakaanza. Njia nzima ilikuwa inajua. Watu walitoka milangoni. Siku hiyo, kwa heshima ya tukio, walimtolea Fimbo vya Noeli: vipande vya nyama, wali. Papa Aloys alipokea, alishukuru, alikula, alipanda. Macho yake yalikuwa kwa mbwa. Wakafika penye jiwe. Fimbo akasimama. Papa Aloys akaacha kutafuna. Fimbo akalinusa lile jiwe upande mmoja, akalinusa upande wa pili, akainua mguu, akamaliza haja yake, akaendelea kupanda mkia ukiwa juu, mpaka akapotea kwenye kona.

Furaha ilimpanda Papa Aloys kifuani, na hapo kifuani ikakuta hakuna nafasi.  Akakaa juu ya jiwe. Alitaka kusema kwamba anafunga viatu, lakini pumzi ya kusema haikuwepo, na viatu hakuwa anaviona.

Juu uani, Venant aliona mbwa anaingia peke yake, anahema kidogo, anakunywa maji. Akasimama na kamba yake. Maman Madeleine akapiga ishara ya msalaba, akamkumbatia Fimbo shingoni, kisha akauliza mwenye mbwa yuko wapi. Fimbo aligeuka akashuka tena. Wakamfuata. Walimkuta Papa Aloys kwenye jiwe, mama wa mandazi akimpepea kwa sinia, Cirhuza akiwa amemfungua kola, na Fimbo ameshajilaza miguuni pake, anamngoja, kama yeye alivyokuwa akingojwa.

Maman Madeleine akaangalia vizuri. Alipoona anapumua na ana akili zake, alirudisha mikono kiunoni.

"Nilisema nini? Asiyeweza kupanda na miguu yake, anaenda wapi?"

 Venant, ambaye ni mtu wa kazi, akakunjua kamba, akaipima kwa macho dhidi ya kiuno cha shemeji yake, akamgeukia dada yake.

"Yaya, hii haitamutosha. Niliipima ya imbwa."

Papa Aloys akavuta pumzi, akaishika ncha ya kamba kwa vidole viwili, akaisugua, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kamba imerudi, shemeji," akasema.

Wakampandisha nyumbani, Cirhuza akisukuma na Venant akivuta, na vicheko vikawatangulia mpaka Kadutu. Venant alirudi Kalehe na kamba yake tupu, na ahadi ya kutafutiwa mbwa mwembamba, ambaye mpaka leo anatafutwa. Katika kile kibanda alichojenga wanalala kuku.

Baada ya Noeli, Maman Madeleine alikunjua kile kitambaa cha kahawia, kipande cha mwisho, akamwambia mume wake asimame wima. Akampima kwa meta na kutaja hesabu kwa sauti, mchana, mlango ukiwa wazi, Maman Eulalie akisikia. Papa Aloys alivumilia. Mkaba wake mwenyewe wa kupimiwa ulipokaribia kwisha kushonwa, alimwomba kwa upole, kama fundi kwa fundi, aache ndani akiba kidogo ya kitambaa, vidole viwili tu, huwezi kujua.

Yeye akachukua makasi, akaikata akiba yote, akaiangusha chini ya meza, mahali ambapo Fimbo hupenda kulala.